Kura Si Mpira, Baba

Wadi yetu haijawahi kumchagua mtu mara mbili. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo nililojivunia Riyadh na Jeddah miaka yote niliyofua na kupiga pasi nguo za watu, na sitaki mtu aje aseme sikumwonya kwamba mimi ni mtu wa kujisifu. Ni wadi ya pembeni mwa jiji, kule mabasi ya Nairobi yanakogeuzia. Zamani palikuwa shamba la kahawa. Leo ni ploti kwa ploti, fleti za ghorofa nne zimebanana na nyumba za mabati, na katikati ipo shule ya msingi ambayo ndiyo kituo chetu cha kupigia kura. Majirani wa wadi ya pili wanatuita Wadi ya Nenda Nyumbani. Wanadhani wametutukana, wakati sisi tunalipenda jina hilo kuliko jina letu la kwenye ramani.

Na katika wadi hiyo, mama yangu ndiye Nambari Wani. Si cheo cha serikali. Ni kwamba kila uchaguzi, mtu wa kwanza kuingia katika darasa la kwanza na kutumbukiza kura ya kwanza ni yeye. Jambo hilo lilianza enzi za mlolongo, wakati watu hawakupewa karatasi bali walisimama nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa kichwa kwa kichwa. Mama alisimama kwenye mstari mrefu uliozunguka uwanja wa shule mpaka vyooni. Mstari wa pili ulikuwa mfupi, ungemaliza kuuhesabu kabla hujamaliza kupiga chafya. Ofisa akatembea, akaandika, akarudi mbele, akatangaza kwamba mstari mfupi ndio uliokuwa na watu wengi.

 Keshoye mama alikuwa akiosha vyombo. Alisema kuanzia sasa atasimama mbele kabisa, mahali ambapo mtu akitaka kuhesabu lazima aanze naye. Na amefanya hivyo tangu hapo. Hata mimi sikuwahi kuitwa kwa jina langu mtaani. Nilikuwa mtoto wa Nambari Wani, na nilipokua mtu mzima nikawa bado mtoto wa Nambari Wani.

Niliondoka baada ya uchaguzi wa kwanza wa kaunti, ule uliotuletea mwakilishi wa wadi badala ya diwani, huyu tunayemwita MCA. Wakati huo kila ploti ilikuwa na msichana aliyekwenda Saudia, au anayesubiri pasipoti, au anayejifunza Kiarabu cha jikoni kwa ajenti mjini. Katika uchaguzi huo nilikuwa wakala wa mgombea, yaani yule anayekaa kwenye benchi darasani kutwa nzima kulinda kura zisichezewe. Kwa hiyo nilifika Riyadh nikiwa mtu anayejua mambo, na nikapewa ufagio.

Nyumba ilikuwa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, ukuta mrefu na marumaru kila mahali mpaka ngazi za nje. Kafili wangu, yaani mwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, alikuwa baba wa nyumba hiyo, nami nikamwita baba tu, mtu mpole, mpenzi wa mpira kupita kiasi. Mkewe, niliyemwita madam, alikuwa mwalimu. Alikuwa na tabia ya kuja kukaa chumba cha kupigia pasi na kikombe chake cha chai, miguu juu ya kapu la nguo, kusahihisha madaftari. Ndipo tulipozoeana. Yeye Kiarabu, mimi Kiarabu changu cha kuokoteza, na mikono yetu ikijazia palipopungua.

Siku moja akaja na habari iliyomfanya asikae. Wanawake wa huko wangepiga kura kwa mara ya kwanza, kuchagua madiwani wa mji. Akasema, “Intikhabat.” Nikamtolea macho. Akachora sanduku hewani, akachukua karatasi ya tishu, akaikunja, akajifanya anaitumbukiza.

“Aaa!” nikapiga kofi. “Kura!”

“Kura?” Madam akarusha mguu kama anayepiga penalti, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sosa. Kumbe kwao kura ni mpira. Mpira wa miguu kabisa! Akanifundisha kwamba kura kwa Kiarabu huitwa sauti, neno lile lile tunalolitumia sisi kwa sauti ya mtu. Unampa mtu sauti yako. Nilisimama na pasi mkononi nikifikiria mama na mstari wake mrefu, nikaona kwamba Waarabu kwenye hilo neno hawakukosea.

Sasa ikawa zamu yangu kumfundisha. Madam alikuwa na shahada, alisoma vitabu vinene kama tofali, lakini kura alikuwa akiiogopa. Aliogopa kuharibu karatasi, aliogopa kuonekana hajui, aliogopa mashemeji zake waliokuwa wakisema mambo haya yana kazi gani. Nikamwambia, madam, mafi mushkila, hakuna tatizo, umepata fundi. Nikamfanyia kituo cha kura humo humo chumba cha pasi. Sanduku la tishu likawa sanduku la kura. Ubao wa pasi ukawa kizimba cha kupigia. Mimi nikawa karani, wakala na askari.

“Fungua,” nikamwambia. “Soma mpaka mwisho. Tia alama moja. Usiandike jina lako. Usiandike dua.”

“Dua?” akauliza. “Nani anaandika dua?”

Haya, hapo ndipo akanifungulia bomba la maneno. Nilimweleza kuhusu diwani wetu wa mwisho, aliyetaka kuwa MCA wa kwanza. Mzee wa kanisa, watu wake wanampenda kweli. Tulipomwaga kura mezani, msimamizi akaanza kuweka nyingine kando: alama imewekwa vizuri, lakini pembeni mtu ameandika Mungu akubariki. Nyingine, Bwana akutangulie. Moja ina mstari mzima wa zaburi. Zote zimeharibika, maana karatasi ya kura haitakiwi kuandikwa neno. Alishindwa kwa kura saba. Zilizobarikiwa zilikuwa zaidi ya saba. Na mimi, wakala wake, nilikaa pale nikitazama baraka zinammaliza mtu.

Madam alicheka, halafu akaacha. “Na waliotangulia je? Kabla yake?”

Kuanzia siku hiyo historia ya wadi yetu ikawa kama tamthilia yake ya jioni. Akija na chai anauliza tulifika wapi. Nikamweleza kuhusu diwani wa kwanza baada ya mlolongo, aliyetuletea bomba la maji. Bomba lilikuja, maji hayakuja, akaenda nyumbani. Aliyefuata alitujengea soko zuri la paa la bluu akasahau choo. Wauza mboga walimkumbusha kwenye sanduku. Wa tatu alisimama kwenye mkutano akasema wapangaji ni wageni wa ploti, wadi ina wenyewe. Ebo! Watu wa fleti, ambao miaka yote walikuwa wakirudi kwao kupiga kura, waliandikishwa wote hapo hapo. Foleni ya uandikishaji ilifika barabarani. Mtu huyo mpaka leo akipita kwenye fleti anatazama chini. Na wa nne ndiye huyo aliyemalizwa na baraka.

“Baadeni?” madam alikuwa akiniuliza kila nikinyamaza. Kisha nini?

“Baadeni tunaye huyu wa sasa,” nikasema. “Bado tunamwangalia.”

Siku ya kura yake dereva alimpeleka asubuhi. Nilifagia chumba kile kile mara tatu. Aliporudi nikamkimbilia mlangoni, nikamshika mkono, nikaukagua kidole kwa kidole. Safi kama cha mtoto.

“Wino uko wapi?”

“Wino gani?”

“Mafi wino?” Nilinuna kabisa. Kwetu usiporudi na kidole cheusi hujaenda popote, ulikuwa sokoni. Ilimbidi aniapie. Akasema alipoishika kalamu alisikia sauti yangu ikimwambia asiandike dua, akacheka peke yake kwenye kizimba, mama mmoja nje akakohoa. Akanikumbatia hapo mlangoni na abaya yake ingali ina vumbi. Nilijisikia mkubwa. Nasema wazi: siku hiyo nilijiona mimi ndiye niliyewapa kura wanawake wa Riyadh.

Muda si mrefu kazi ya baba ikahamia Jeddah, nasi tukahamia naye, mtaa wa Al-Safa. Nyumba ndogo kidogo, jasho jingi zaidi, chumba changu nyuma ya jikoni. Mkataba wangu ulipoisha nikaongeza mwingine. Na mkataba huo ulikuwa bado katikati mama aliponipigia simu na neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

“Magoti yamekataa,” akasema. “Siwezi kusimama foleni tena.”

Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Nikamwambia majirani watamshika mkono, wako wengi. Mama akatoa sauti ya kudharau niliyoisikia mpaka Jeddah.

“Nishikwe mkono na mtu anayetaka kuninong’oneza nimchague nani? Thubutu! Mwaka juzi walimsaidia bibi wa kona kupiga kura ya chama cha kanisa, akaja kugundua amemchagua mweka hazina asiyemjua. Mimi nitakwenda na wewe. Ukija, nitaenda. Usipokuja, nitakaa nyumbani, na wa kwanza awe mwingine.”

Nikajua hatanii. Mama hana utani katika jambo hilo. Tangu mlolongo hajakosa hata mara moja, na mimi tangu nipate kitambulisho sijakosa hata mara moja, sasa mara moja hiyo ingetukosesha wote wawili, kwa sababu yangu mimi niliye mbali nikipangusa vioo. Sikulala vizuri wiki hiyo. Kila nikipangusa kioo naona mama ameketi mlangoni kwake siku ya kura.

Madam wakati huo alikuwa Riyadh akimwuguza mama yake. Ningesubiri arudi. Lakini mimi nina kiherehere, na isitoshe niliona ni mambo ya adabu kumwomba kafili mwenyewe. Nikamvizia baba baada ya sala ya alasiri, anakunywa kahawa yake, moyo wake mweupe. Nikasimama, nikaweka mikono nyuma, nikasema kwa Kiarabu changu chote, ambacho nikikitafsiri kilikuwa hivi:

“Baba, lazima nyumbani kura. Muhimu sana.”

Baba akaweka kikombe chini. Uso ukamng’aa.

“Kura? Wewe unapenda kura?”

“Sana, baba! Tangu utotoni.”

“Wallahi?”

“Wallahi. Na mama yangu ni nambari wani!”

“Mama yako!” Baba akacheka kwa furaha, akatikisa kichwa kama mtu aliyeishi na jambo jema ndani ya nyumba miaka yote bila kulijua. “Mafi mushkila. Mafi mushkila kabisa. Inshallah wiki mbili hizi.”

Mnanicheka. Chekeni tu. Neno lenyewe madam alishanifundisha, na mguu alinirushia, lakini mtu akiwa na shida moyoni maneno ya kwao ndiyo yanayotoka. Nilirudi jikoni nikicheza. Nikampigia mama hapo hapo nikamwambia nimepewa ruhusa, aanze kuchagua kitambaa cha kichwa. Mama akawaambia wauza mboga. Wauza mboga wakaiambia wadi nzima. Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba mtoto wa Nambari Wani anarudi kutoka Saudia kuja kumpeleka mama yake kupiga kura, na nikaambiwa watu walipiga makofi.

Siku ya kumi na mbili nikaona baba na dereva wanaingia jikoni wamebeba runinga. Kubwa, ile iliyokuwa sebule ya juu. Wakapita nayo kwa ubavu, wakaiingiza chumbani kwangu, wakaiweka juu ya kabati, baba akainama mwenyewe kuunganisha waya, jasho linamtoka. Halafu akasimama, akabonyeza rimoti, na watu ishirini na wawili wakatokea wakikimbizana kwenye majani ya kijani.

“Yalla!” akasema baba. “Kura! Nyumbani!”

Nilisimama nikiitazama mechi ile. Neno likanirudia lote, na mguu wa madam, na chai kwenye sosa. Lazima nyumbani kura. Mtu yule alikuwa amesikia kwamba nyumba hii lazima iwe na mpira, akaniletea mpira. Nilianza kulia. Baba akadhani ni furaha, akaguswa, akaniambia hakuna haja ya shukrani, akaondoka akiwa amefurahi mno. Ningemkasirikia vipi? Nilijikasirikia mimi. Na kule nyumbani wadi nzima ilikuwa imeshapiga makofi.

Madam alirudi baada ya siku mbili akanikuta nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Nikamweleza. Alicheka akakaa chini sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akauliza mama yangu atafanya nini nisipofika.

“Atakaa,” nikasema. “Amesema atakaa, na akisema amesema.”

Madam akainuka, akajipangusa, akaenda sebuleni. Baada ya muda nikaitwa nilete chai, nami nilijua chai hiyo si ya kunywa, ni ya mimi kuwepo. Nikasimama mlangoni na sinia.

Baba alikuwa ameshaelewa, na alikuwa na aibu kidogo ya runinga, lakini hoja zake zilikuwa na miguu. Mkataba hauna likizo katikati. Wageni wa Hija wanakuja, ndugu zake wote na wake zao. Visa ya kutoka na kurudi ina mizunguko. “Na yote hayo kwa karatasi moja?” akasema. “Kura moja itabadilisha nini?”

Madam hakujibu hivi hivi. Alikaa wima, akakunja miguu, akaanza kumsimulia historia ya wadi yetu. Kwa Kiarabu! Alianza na mlolongo. Akasimama kuonyesha mstari mrefu uliofika vyooni, na mstari mfupi, na ofisa akiandika. Akaleta bomba lisilo na maji. Akaleta soko lisilo na choo, na wauza mboga, akishika kiuno kama alivyoniona mimi nikishika. Alipofika kwa wageni wa ploti, akaniashiria nimsaidie idadi ya fleti, nikamtajia kutoka mlangoni. Sijawahi kusikia wadi yangu ikitajwa redioni. Haijawahi kuandikwa gazetini ila siku lori lilipoanguka. Na hapa, Jeddah, kwenye zulia la watu, mwanamke mwenye shahada anaisimulia kama habari ya wafalme. Alipomaliza na yule mzee wa kanisa na kura zake zilizobarikiwa, aliinua vidole saba akavishikilia usoni pa mumewe.

“Saba,” akasema. “Uliuliza moja inabadilisha nini.”

Baba alikuwa ameacha kuigusa chai. “Baadeni?” akauliza.

Madam akanitazama. Hapo ilikuwa yangu. Nikasema sasa tunaye MCA aliyeahidi zahanati. Amejenga lango.

“Lango la nini?”

“La zahanati, baba. Zuri, jekundu, lina bango. Ukilifungua kuna nyasi.”

“Na zahanati?”

“Mafi.”

Baba alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shumagi, kile kitambaa chake cha kichwani. “Mtu huyu,” akasema, “mtu huyu lazima aende nyumbani.”

“Na huyu pia,” akasema madam, akininyooshea kidole mimi.

Baba akatutazama mmoja mmoja, akaona amezingirwa. “Wiki tatu,” akasema. “Halas. Wiki tatu, si siku moja zaidi.”

Uwanja wa ndege wa Jeddah, ofisa aliniambia niweke vidole kwenye mashine, ikakataa. Nikavifuta kwenye gauni, ikakataa. Akanipa karatasi yenye unyevu, mara ya nne ikakubali. Sikulitia maanani. Nilikuwa nimebeba tende za madam za kumpelekea mama, na kichwani nilishafika.

Siku ya kura tulitoka nyumbani kabla jua halijatoka, mama na kitambaa chake cha kichwa cha rangi ya chungwa, mimi nimejitwika kiti cha plastiki. Tulikwenda pole pole kuliko msafara wa harusi. Shuleni tulikuta tayari watu wamesimama, foleni inazunguka uwanja mpaka vyooni, lakini mbele kabisa, mlangoni, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hawakuwa wamesahau. Kijana wa kwanza kwenye foleni alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mlango kama aliyechorewa mstari. Niliweka kiti, mama akaketi, akasalimia. Watu wakaitikia, “Shikamoo, Nambari Wani!”

Milango ikafunguliwa. Mama akaweka kidole kwenye kile kifaa cha kutambua wapiga kura, kikalia, jina likatokea. Akachukua karatasi zake sita, akaenda kizimbani kwa miguu yake, mimi nikatazama ukutani kama alivyoniamuru. Akatumbukiza zote, akachovya kidole chake. Kura ya kwanza ya wadi, kama kawaida.

Halafu zamu yangu. Nikaweka kidole. Kifaa kikanyamaza. Nikaweka kingine. Karani, kijana wa watu, akavifuta kwa kitambaa, tukajaribu vyote kumi, mkono wa kulia na wa kushoto. Akainua kiganja changu akakigeuza kwenye mwanga.

“Dada, vidole vyako havina alama,” akasema. “Vimefutika. Unafanya kazi gani?”

“Kazi ya nyumba,” nikasema. “Saudia.”

Nilivitazama na mimi. Vilikuwa laini, vinang’aa, kama vya mtu aliyezaliwa jana. Sabuni, dawa za vyoo, marumaru ya Al-Malqa na vioo vya Al-Safa, miaka yote hiyo vilikuwa vinanichukua kidogo kidogo nami sijui. Niliona aibu, na hasira ikanipanda juu ya aibu. Nimevuka bahari nzima nikafike mlangoni kwangu niambiwe sijulikani!

Msimamizi akaja. Akasema ipo njia nyingine, kwa namba ya kitambulisho, lakini mawakala wa vyama lazima waridhike kwamba ni mimi. Akawageukia kwenye benchi, benchi lile lile langu. Walikuwa vijana wa fleti mpya, hakuna hata mmoja niliyemjua. Wakatazamana. Mmoja akasema, “Picha ni ya msichana mnene. Huyu simjui.” Mwingine akainua mabega.

Mama alikuwa amefika mlangoni. Hakupandisha sauti, alisema tu, “Kama hamumjui, waulizeni walio nje.”

Na akaondoka mlangoni ili waonane.

Msimamizi akatoka kizingitini akauliza, nadhani kwa mzaha kidogo, kama kuna mtu anayenifahamu. Sikuona nyuso zao. Nilikuwa bado nimevinyoosha vidole vyangu kumi juu ya meza. Nilisikia tu. Wa kwanza alikuwa yule kijana aliyemwachia mama nafasi: “Tunamjua!” Kisha wauza mboga wa soko lisilo na choo. Kisha sauti za wanaume wa fleti, wageni wa ploti. “Tunamjua! Huyo ni mtoto wa Nambari Wani!” Neno hilo likashuka foleni nzima, likapinda uwanja, likafika kule vyooni, na watu wa kule ambao hawakujua hata linahusu nini wakapaza vile vile, tunamjua, tunamjua. Mawakala wakatia saini haraka haraka. Nilipiga kura yangu machozi yakinidondoka, nikijihadhari yasiloweshe karatasi. Sikuandika dua.

Mwenye lango tulimpeleka nyumbani.

Nilirudi Jeddah siku ileile baba aliyosema, wageni wa Hija wamejaa nyumba nzima. Wino ulikuwa umetoka kidoleni, lakini kuchani ulibaki ukingo mweusi unaopanda kila kucha inapokua. Madam aliushika mkono wangu mlangoni akaukagua kama nilivyowahi kumkagua yeye. Baba alipita na sinia la kahawa akasimama, akautazama ule ukingo.

“Haya,” akasema, “kura ilikwendaje? Mlifunga mabao mangapi?”

“Mawili, baba,” nikamwambia. “La mama na langu.”